Gemu ya Ame na Mnyapara Wake

Baraza la Hamdan, fundi wa kanzu wa Jadida, Wete, si refu. Likikaliwa na wanne, wa tano hukaa nusu, nusu nyingine aishike mwenyewe. Limejengwa kwa saruji chini ya dirisha la kibanda chake cha cherehani, na kila siku watu wakishatoka msikitini adhuhuri, Mzee Hamzah huja akalitua dele lake la kahawa hapo, na hapo ndipo mambo ya dunia yanapoanza kutengenezwa. Baraza lile limeshapanga bei ya karafuu, limeshabadilisha ratiba ya meli za Mkoani, na limeshamwozesha waziri mmoja mke wa pili bila ya yeye mwenyewe kupata habari. Lina desturi moja kubwa: mtu hatoki pale kavunjiwa uso. Kauli ya kila mmoja lazima ipatiwe pa kukaa, hata ikiwa ya kipuuzi, maana Pemba ilishaona mabaraza yakigawika mawili kwa neno dogo, watu wakapishana njiani miaka bila ya salamu, na Jadida wakaapa hawayataki tena yale. Desturi nzuri, hakuna anayeikataa. Lakini Alkhamisi ile ndiyo iliyowatia shimoni.

Siku hiyo Hamdan alikuwa kapakata kompyuta badala ya kanzu. Kompyuta yenyewe ilikuwa ya Ame, mtoto wa mama yake mdogo wa Kengeja, kusini mwa kisiwa. Kaileta asubuhi Hafiz, mchuuzi wa ndizi, ndani ya keri, kile kigari chake cha mizigo, imeviringishwa kanga na kubanwa katikati ya mikungu. Hafiz kasema baada ya sala ya alasiri anarudi Kengeja, na kompyuta iwe tayari. Ame anataka atiliwe gemu, na huko kwao mtandao ni wa kusimama juu ya kiti na kuinua mkono.

Ame alikuwa na miezi minne kitandani. Alianguka kutoka juu ya mkarafuu, nyonga na mguu vikavunjika. Na hapa lazima niseme lile ambalo Hamdan hakupata kulisema barazani: mkarafuu ule ulikuwa zamu yake yeye. Alikwenda Kengeja kuwasaidia kuchuma, jua likamchosha, akamwambia mdogo wake, "Nipandie huu mmoja, mgongo umenikataa." Ame akapanda huku anacheka. Tawi likakatika. Hamdan alimfikisha hospitali, akalala chini ya kitanda chake siku mbili, halafu akarudi Wete, na tangu hapo mguu wake haujakanyaga Kengeja. Vitu alituma. Lo, alituma huyo! Tende, feni, mto wa mgongo, kanzu mbili mpya. Hafiz hakupata kurudi mikono mitupu hata siku moja. Lakini kwenda mwenyewe, kila wiki kulikuwa na kanzu za watu. Leo alikuwa na yakini kwamba gemu hii ndiyo itakayomaliza kazi. Ame ataifungua, atacheka kile kicheko chake, na Hamdan atajiona kalipa deni lake.

Gemu ilikwisha nunuliwa. Humoud, ambaye barazani anaitwa Maskati kwa sababu ana kadi ya benki ya huko na hachoki kuitaja, alikwisha ilipia. Kilichobaki ni kuishusha kutoka duka la mtandaoni, na hapo Hamdan akakwama. Duka lilimwonesha njia mbili. Ya kwanza, ashushe faili la gemu peke yake, aliweke, basi. Ya pili, kwanza atie kwenye kompyuta programu ya duka lenyewe, halafu hiyo programu imshushie gemu, imtunzie, imfungulie. Na chini yake wameandika: si lazima.

— Jamani, — alisema Hamdan, — mie n'nataka shauri la haraka. Nitie programu ya duka, au nisitie? Wenyewe wanasema si lazima.

— Kama si lazima, — alisema Humoud, — mbona wameiandika kwenye kijani kikubwa kama mlango wa msikiti wa Ijumaa? Na hiyo njia nyengine wameificha chini kwa herufi kama chawa? Yakhe, mtu akikwambia si lazima huku kakushika mkono, ujue ni lazima.

— Tia! — alisema Usama. — Tia, asilimia mia kwa mia.

Jina la pili la Usama ndilo hilo, Mia kwa Mia. Hajapata kuwa na hakika ya tisini. Aliwahi kukaa Dar miaka miwili kwa binamu yake mwenye kompyuta ya gemu, na tangu arudi, habari yoyote inayohusu kompyuta huingia kwake kwanza, ikatoka imenenepa.

— Unajua faida yake? — aliendelea Usama. — Gemu ikitolewa marekebisho, programu inajiletea yenyewe. Hukuamka, hukutafuta, kitu kiko mezani. Na pale alipofika Ame kwenye gemu panahifadhiwa kule kule dukani. Leo kompyuta hii ikiungua, kesho akikaa kwenye kompyuta ya Chake, anaendelea pale pale alipoachia. Wazee walisema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

— Hiyo ngamani ya dukani au ya kwake? — aliuliza Masoud.

— Ngamani ni ngamani.

— La, la, la. Hapo pana mas'ala.

Baraza zima likajiweka sawa. Masoud akisema pana mas'ala, kahawa hupoa. Yeye alisoma chuoni kwa shehe mmoja mkali wa Wete mpaka akafika kwenye mlango wa biashara, akausoma nusu, shehe akahama. Kwa hiyo Masoud ni mjuzi wa nusu ya kwanza ya sheria za kuuza na kununua, na watu wakamwita Nusu Mlango. Hakuna jambo duniani, liwe ndoa au homa ya mbuzi, ambalo hataliingiza humo.

— Kuuza na kununua, — alisema Masoud, akakiweka chini kikombe, — hakutimii mpaka kukabidhiwa. Nimenunua mbuzi kwako, pesa umepokea, lakini mbuzi bado umemfunga wewe, kwenye mti wako, unampa majani wewe. Huyo ni wangu?

— Wako, — alisema Usama.

— Nikitaka kumchinja usiku wa manane lazima nikugongee mlango?

— Utanigongea.

— Basi si wangu vizuri. Programu ya duka ndiyo mti huo. Gemu imefungwa kwao. Faili la peke yake, hilo nimekabidhiwa. Ninalo mkononi, nikilitia kwenye kijiti cha flashi nakwenda nalo hata kisiwani Misali. Hamdan, mchukulie Ame mbuzi wake. Usimwachie kwa muuzaji.

Hamdan akaona hapo pana maneno. Ame mtandao hana. Kama kila akitaka kucheza lazima lango la duka lifunguliwe, atakaa kitandani anaitazama gemu kama mtu anayetazama biriani ya jirani. Akapeleka kidole kwenye zile herufi za chawa.

— Ngoja kwanza! — Usama akamshika mkono. — Programu ina hali ya bila mtandao. Unaingia mara moja hapa Wete, ukifika Kengeja inakujua. Asiyekuwepo na lake halipo!

Hakuna aliyeelewa methali ile imeingilia wapi, lakini ilisemwa kwa nguvu, na Hamdan akakirudisha kidole.

— Itamjua siku ngapi? — aliuliza Humoud. — Kijana wangu Maskati anayo. Safari moja mtandao ulikatika wiki nzima. Kufungua gemu aliyoinunua kwa pesa yake, programu ikamwambia, jitambulishe. Wee nani? Mwenye mali anaulizwa wee nani! Halafu ile kitu haikai kimya. Ukiwasha kompyuta, kabla hujasema bismillahi, yeye keshafunguka. Hukumwita. Anakuonesha gemu mpya, za rangi, nunua hii, nunua ile. Kumbukumbu ya kompyuta anaila yeye, mwenye gemu anabakishiwa ukoko.

— Izuie isijifungue yenyewe, — alisema Usama. — Pana pahala pa kuizima.

— Unaizima, ikija na marekebisho inajiwasha. Mie naijua kitu ile, n'shaiona kwetu zamani kabla ya kompyuta. Babu yangu alikuwa na mnyapara shambani. Aliletwa kuwasimamia wachumaji tu. Kwanza akahesabu pishi za karafuu. Halafu akahesabu wachumaji. Mwisho akawa anahesabu sisi watoto tunakula maembe mangapi, na babu mwenyewe akitaka kuingia shambani kwake anamuuliza mnyapara kama kuna nafasi. Programu ya duka ni mnyapara, Hamdan. Unataka kumtia mnyapara chumbani kwa mgonjwa?

Jina likapendwa pale pale. Tangu dakika ile hakuna aliyesema tena programu ya duka, hata Usama aliyekuwa akimtetea.

— Mnyapara huyu anatoa vikombe! — alisema Usama. — Hilo hamlijui. Ukipanda hatua fulani kwenye gemu, anakupa kikombe, jina lako linaandikwa. Ame yuko kitandani miezi minne, nani kampa hata pongezi? Hiyo gemu yake yenyewe ni ya nini?

Hamdan alikuwa anaomba lisiulizwe hilo.

— Ya kupanda majabali, — alisema.

— Ya kupanda?

— Inaitwa *Jabali*. Unapanda, unashika mwamba, ukikosea unaanguka, unaanza upya. Kaitaka mwenyewe.

Humoud akacheka mpaka kofia ikamwendea upande.

— Hajakoma! Mkarafuu umemvunja nyonga, anataka jabali!

Wote wakacheka, na Hamdan akacheka pia, lakini kicheko kilimkwaruza. Aliona mkono wa Ame umeshika tawi la juu, na uso wake umegeuka chini kumwuliza kama kikapu kiko sawa. Akainamisha macho kwenye kompyuta. Aliona aibu, na aibu yenyewe hakuweza kuionesha kwa sababu pale hakuna aliyejua ni ya nini.

— Basi ndio uzuri, — alisema Usama. — Kila akipanda, kikombe. Na saa anazocheza zinahesabiwa, zinaandikwa.

— Ndiyo hapo sasa! — Humoud alirukia. — Saa zinaandikwa! Leo Ame kijana, hajaoa. Akipona atakwenda posa. Baba wa binti siku hizi hauulizi msikiti, anauliza mtandao. Anafungua, anaona: Ame wa Kengeja, jabalini saa mia tatu. Shambani hata saa moja haikuandikwa. Nani atamwoza? Mnyapara kashamvunjia posa kabla hajanyanyuka kitandani!

— Na tuseme kaoa, — alisema Masoud, ambaye hakupenda mazungumzo yatoke nje ya mlango wake. — Kaoa, kazaa, kafa, Mungu amweke. Kaacha gemu arubaini ndani ya mnyapara. Warithi wanakuja. Mke anataka thumuni yake. Mnyapara anasema, akaunti hairithiwi, ni ya mtu mmoja. Haya, jabali litagawiwa vipi? Lakini ingekuwa mafaili, yako kwenye kijiti, tunakaa na shehe, tunagawa. Mtoto wa kiume mafaili mawili, wa kike moja.

— Na faili la nusu?

— Hiyo nusu ya mlango sijaifikia, — alisema Masoud kwa heshima zote.

Mzee Hamzah alikuwa anamimina muda wote huo bila ya kusema. Ana miaka sabini na kitu, kompyuta hajapata kuigusa, na ana kawaida ya kuwaacha vijana wachoke kwanza. Akaligusa dele, akaliona jepesi, akaanza.

— Nyie mnasema saa, mnasema urithi. Mmejiuliza kwa nini pweza kapungua?

— Pweza, Mzee Hamzah?

— Pweza. Umeme wa Pemba unatoka wapi? Unatoka Tanga, kwenye waya mnene uliopita chini ya bahari. Sasa hao wanyapara wako wangapi kisiwani? Kila kompyuta anaye mmoja. Kila mmoja anajirekebisha. Usama kasema mwenyewe, watu wamelala, yeye anajirekebisha. Wote kwa pamoja, saa moja! Waya unapata moto. Pweza nyumba yake iko kwenye mwamba, waya umempitia mlangoni. Atakaa? Hakai. Kahama, kenda zake upande wa Kenya. Wanawake wanarudi pwani na ndoo tupu, wanasema bahari imechafuka. Bahari haikuchafuka. Ni marekebisho.

Hapana aliyecheka. Masoud alitikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeoneshwa hadithi sahihi.

— Pilipili usozila zakuwashiani, — alisema Usama, akidhani kamjibu.

— Zinaniwasha kwenye pweza, — alisema Mzee Hamzah.

— Sikilizeni, — alisema Usama. — Mnyapara wa siku hizi ana akili kuliko mnavyodhani. Anamjua mchezaji. Akiona Ame anacheza muda mrefu, hasimami, hatoki, atajua huyu mgonjwa. Atamlainishia jabali. Atamwekea pa kushika pengi. Mia kwa mia! Binamu yangu alipata homa, gemu ikawa nyepesi wiki nzima.

— Nani aliijulisha gemu kuwa ana homa? — aliuliza Masoud.

— Vidole! Vidole vya mtu mwenye homa vinapiga vitufe kwa namna nyengine.

Hamdan alitazama saa. Hafiz hakuwa mbali, na mpaka hapo faili halikushuka, mnyapara hakutiwa. Kila aliyekuwa na la kusema alikuwa kalisema kwa uhakika wa mtu aliyeoneshwa na mwenye duka, na kila mmoja alikuwa anamtazama yeye. Akichukua faili peke yake, Usama atakuwa kavunjiwa uso. Akimtia mnyapara, Humoud aliyetoa kadi yake atasema, "Haya, pesa yangu na shauri lenu," na kesho haji. Na Masoud atanyamaza, na kunyamaza kwa Masoud huchukua miezi.

Hapo ndipo alipoingia shimoni. Kwa kuogopa kulivunja baraza, Hamdan akafanya alilolifanya mara zote mteja akitaka kola na mama wa mteja hataki: akawaridhisha wote.

— Basi nafanya yote mawili, — alisema. — Nashusha faili, na namtia mnyapara. Ame atakuwa na mbuzi mkononi, na mti atakuwa nao.

— Allah! — alisema Masoud. — Hapo umehukumu.

— Mia kwa mia, — alisema Usama.

— Ikiwa faili lipo, mnyapara na akae, — alisema Humoud. — Tutamweka barazani, chumbani asiingie.

Furaha ikaenea. Hamdan akawasha bando la simu yake, alilolitia asubuhi, gigabaiti kumi kamili, akaiunga kompyuta. Akabonyeza herufi za chawa, faili likaanza kushuka. Akabonyeza kijani, Usama akamwandikia jina na neno la siri, akakubali masharti yote kwa mkupuo mmoja.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, — alisema Usama.

Mnyapara akafunguka. Kwanza akajirekebisha mwenyewe. Halafu akaonesha gemu sita za kununua. Halafu Usama akamwamrisha amshushe *Jabali*, naye akatii, mstari wa bluu ukaanza kutembea. Mzee Hamzah akamimina duru jengine, na mazungumzo yakarudi kwenye pweza, maana Humoud alikuwa na ushahidi kwamba hata ngisi wanaondoka.

Hamdan ni fundi. Hajapata hata siku moja kukata kanzu mbili kwenye kitambaa cha kanzu moja. Lakini pale, kwa furaha ya kuwa watu wote wameridhika, hakuliona jambo ambalo mwanafunzi wa darasa la nne angeliona. Gemu ilikuwa ya gigabaiti nane. Faili lilikuwa linashusha nane, na mnyapara alikuwa anashusha nane zile zile kwa njia yake, na bando lilikuwa kumi.

Muadhini alikwisha adhini alasiri, wakaenda wakasali, wakarudi. Mistari yote miwili ilikuwa imesimama. Faili lilikuwa limefika asilimia sitini na moja. Mnyapara alikuwa arubaini na nane. Simu ya Hamdan ilikuwa na ujumbe mmoja, kwamba bando lake limekwisha, ahsante.

— Imekuwaje? — aliuliza Humoud.

Hamdan akahesabu kwa vidole, akahesabu tena.

— Vyote viwili ni kitu kimoja, — alisema. — Tumeshusha kitu kimoja mara mbili.

— Mnyapara kaiba! — alisema Humoud.

— Faili lako ndilo lililomzuia, — alisema Usama. — Lingekaa pembeni, mnyapara angemaliza zamani.

— Faili lilikuwa la kwanza kuingia, — alisema Masoud, — na wa kwanza ana haki.

Walikuwa wameanza kuchangamka upya, honi ikalia njiani. Keri ya Hafiz. Nyuma mikungu yote imeuzwa, kumebaki majani ya migomba na tenga tupu. Mlango wa mbele ukafunguka, akateremka mama mmoja mnene wa buibui, akaja barazani kwa miguu ya kuchoka.

— Asalamu alaykum.

— Waalaykumu salaam. Shikamoo, Bi Mwanakhamis, — alisema Hamdan, akasimama.

Alimjua. Ukuta wake na wa kina Ame ni mmoja. Alikuja Wete siku tatu kumwangalia binti yake aliyejifungua, na sasa anarudi na Hafiz.

— Marahaba, mwanangu. Hafiz kaniambia kuna kompyuta ya Ame nimpakatie, isije ikavunjika huko nyuma. Ndiyo hiyo?

— Ndiyo hii, lakini haijawa tayari.

Hapo wote wakamwelezea kwa pamoja. Usama alimweleza mnyapara na vikombe vyake. Masoud alimweleza mbuzi. Humoud alimweleza babu yake. Mzee Hamzah akataka kumgusia pweza, kwa kuwa ni mtu wa pwani atafahamu. Bi Mwanakhamis alisimama akasikiliza kama anayesubiri mvua ipite.

— Mtajuana wenyewe, — alisema. — Gemu yenu mie siijui. Mie n'na neno moja nimetumwa, na nimeambiwa niliulize kwa hila, lakini hila sina.

Akamgeukia Hamdan, akamtazama toka kofia hadi kandambili.

— Siku nilipotoka, Ame kaniita dirishani. Kanambia, Bi Mwanakhamis, ukifika Wete pita kwa ndugu yangu Hamdan, umwangalie vizuri. Miezi minne hajaja. Vitu analeta, yeye haji. Nikiuliza naambiwa hajambo. Wananificha, hawataki nisikitike na mie nilivyo hivi. Hamdan hawezi kukaa miezi minne asinione, ila awe mgonjwa. Basi mwangalie anaumwa nini, usimwambie kama nimekuuliza.

Akapanga buibui lake.

— Sasa nakuona umekaa, unakunywa kahawa, rangi yako nzuri, mashavu umeongeza. Nikamwambie unaumwa nini?

Usama alifungua kinywa, na mara ya kwanza tangu arudi Dar akakifumba bila ya kutoa asilimia yoyote. Masoud akawa anaviangalia vidole vyake vya miguu. Humoud aliishika kadi yake mfukoni kama kwamba ingelipia jibu. Mzee Hamzah akalichukua dele kutaka kumkirimu mgeni, akaliinamisha, na kilichotoka ni machicha ya kahawa.

Kumbe muda wote ule Hamdan alipokuwa akiogopa Ame anamlaumu, Ame alikuwa anamuuguza. Kalala na nyonga iliyovunjika, anamsikitikia yeye mzima. Iliuma kuliko lawama. Alitamani kama angetukanwa.

Akaikunja kompyuta na mistari yake iliyosimama. Akaiviringisha kwenye kanga. Akaingia kibandani, akatoka, akavuta dirisha la cherehani akalitia komeo, na kanzu ya mtu ikabaki humo na sindano yake.

— Yakhe, gemu haijashuka, — Usama alimnong'oneza. — Nusu tu. N'nunue bando jengine, nusu saa.

Hamdan alimpa mkono, akampa na Humoud, na Masoud, na Mzee Hamzah, kila mmoja kwa zamu, kama mtu anayevuka bahari.

— Mbele pana nafasi? — alimwuliza Bi Mwanakhamis.

— Ya mmoja, na huyo ndiye mie.

— Basi nitakaa nyuma. Mpakatie hii.

Akampa kompyuta. Bi Mwanakhamis aliipokea, lakini hakuondoka pale.

— Hukunijibu, mwanangu. Nikamwambie nini?

— Usimwambie kitu, Bi. Nitamwambia mwenyewe.

Alipanda nyuma, akakaa juu ya majani ya migomba, akashika ubao. Hafiz akatia gea. Mpaka wanaliacha bonde la mwanzo la njia ya Chake, Hamdan alikuwa bado hajui ataanza kwa neno gani.